Mahali Peupe kwenye Ramani ya Binti Yangu

Usiku ule kiti kilinikataa. Kila nikikaa, masikio yananisimamisha. Mtu akikohoa uchochoroni, nasimama. Mbwa akibweka, nasimama. Mlango wa mbele niliuacha wazi, na taa nikaitundika kwenye msumari wa nje ili baba mkwe wangu akirudi aione. Macho yake yana ukungu, na akili yake siku hizi hutoka na kurudi kama mgeni asiyeaga. Safari hii alikuwa ametoka mzima mzima, mwili na akili, na mpaka taa inaanza kufifia hakukuwa na habari yake.

Aliondoka jioni, giza linaingia. Mimi nilikuwa jikoni naepua sufuria. Nilimwacha amekaa kwenye kigoda chake, ndara miguuni, akijisemea mambo ya maji kama kawaida yake. Nilipotokea na sahani nikakuta kigoda peke yake. Nikadhani yuko msalani. Nikaita, "Baba!" Nikazunguka nyumba, nikaita tena, safari hii kwa sauti ambayo majirani wote waliijua kuwa ni ya shida.

Mume wangu ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa safarini, mbali. Kila akiondoka huniambia neno lile lile mlangoni: "Mama watoto, mzee nakuachia wewe." Halafu hupanda gari bila kugeuka. Simu ilikuwa mkononi mwangu muda wote, na kila kidole kilipofika kwenye jina lake nilikiondoa kana kwamba nimegusa kaa la moto. Ningemwambia nini? Kwamba kigoda kipo?

Binti yetu alipofika kutoka saluni hakupiga kelele. Alinitazama, akakitazama kigoda, akavua viatu vya kazini na kuvaa buti za mvua.

"Mama, wewe kaa hapa. Akirudi mwenyewe lazima akute mtu."

Kisha akaanza kuwapigia simu wenzake wa ramani, vijana anaochora nao mtaa wetu, mmoja baada ya mwingine. Muda si muda walijaa uani kwetu, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na tochi yake. Wakagawana mtaa hapo hapo. Kila uchochoro ukishapitiwa, ulitiwa rangi ya kijani kwenye simu zao ili mwingine asiurudie. Wakatoka. Mimi nikakaa. Kukaa ni kazi kubwa kuliko kutembea. Asiyeamini na ajaribu.

Huyu binti ndiye kifungua mimba wangu. Alianza kutembea mapema mno. Nilikuwa nikimfunga kwa kanga kwenye mguu wa meza ili nipate kupika, na nikigeuka nakuta meza nayo imesogea. Shule aliisoma mpaka pale uwezo wetu ulipoishia, akajifunza kusuka nywele. Ana mkono mwepesi na macho makali. Akikugawa nywele, mstari unanyooka kama uzi wa mwashi. Lakini ana kichwa kigumu. Mteja akitaka msuko usiomfaa, humwambia. Wengine huondoka wamenuna, na wiki inayofuata wamerudi.

Ramani ilimwingia hapo hapo saluni. Alikuwa anamsuka muuguzi wa kliniki yetu, mama mmoja mchangamfu, nami nilikuwa pembeni nachambua mchele. Muuguzi akasema ameshinda asubuhi nzima anamtafuta mzazi aliyejifungua ili amwone mtoto, na amerudi bila kumwona.

"Si ungeuliza?" binti yangu akasema, kichana mdomoni.

"Niliuliza. Wakaniambia, shuka mpaka kwa fundi viatu, kata kulia kwa Mama Mkaa, pita kwenye mlango wa kijani. Nimemtafuta fundi viatu mpaka nikachoka. Kumbe alishakufa zamani! Na mlango wa kijani wameupaka rangi ya maziwa."

Tulicheka, maana ni kweli. Kwetu vichochoro havina majina wala nyumba hazina namba. Mtu anaelekezwa kwa watu, na watu wanakufa, wanahama, wanapaka rangi. Tuliozaliwa au kuolewa hapa hatupotei. Anayepotea ni mwenye dawa, mwenye barua, mwenye gari la wagonjwa.

Muuguzi akaeleza kwamba kuna vijana wanaokutana chumba cha nyuma cha kliniki kila mwisho wa wiki, wanachora ramani ya mtaa kwa kujitolea. Binti yangu alimaliza kusuka. Mwisho wa wiki uliofuata akaenda.

"Wanalipa?" nikamuuliza aliporudi, uso umeungua.

"Hawalipi."

"Sasa mnakula nini?"

"Tunakula jua, mama. Lipo la kutosha."

Nikaona ni ujana, utapita. Haukupita.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna watu wa mbali, nchi nisizozijua, nao wanajitolea. Wanakaa kwenye kompyuta zao wakitazama picha ya mtaa wetu iliyopigwa kutoka angani, wanachora kila paa na kila mstari unaofanana na njia. Hao wanaona mapaa tu. Aliye chini ya paa hawamjui. Basi ni watoto wetu wanaotembea kwa miguu, wakihakiki mstari kwa mstari: hii ni njia, hii ni kamba ya nguo, hapa pana bomba, hapa pana choo cha watu wote, hapa anakaa mkunga.

Siku aliyonionyesha mara ya kwanza kwenye simu nilishtuka. Nilikuwa sijawahi kuuona mtaa wetu kutoka juu. Ulikuwa kama kichwa ambacho msusi amekianza akapigiwa simu, nusu kimesukwa, nusu nywele timutimu. Na nyuma ya nyumba yetu palikuwa na barabara moja pana, imenyooka, nzuri kuliko zote.

"Hii wameijenga lini?" nikauliza.

Binti yangu akaikazia macho, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa mtaro. Mtaro wetu wa maji machafu, uliojaa takataka, mtu wa mbali ameuona kutoka angani akauandika barabara.

Jirani yetu Mama Mkaa, ambaye huuza mkaa dirishani kwake na maneno bure, alisikia kicheko akaja. Alipoelezwa akapiga makofi.

"Hongereni jamani! Tumepata lami. Nyeusi tii, na harufu yake juu!"

Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Yeye hakucheka.

"Mnacheka nini? Hiyo ndiyo njia," akasema.

"Babu, huo ni mtaro," mjukuu wake akamwambia.

"Mtaro ni nini? Ni njia iliyokosa watu. Hiyo ni njia ya kisimani. Inashuka, inapita kwenye mashine ya kusaga, inafika kisimani. Nilikichimba mimi, kwa mikono hii."

Ni kweli kwamba ujana wake wote alikuwa mchimba visima. Vidole vyake mpaka leo havinyooki. Lakini mashine ya kusaga hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, na kisima ndiyo kabisa.

"Haya, mchumba wangu," binti yangu akamwambia, maana ndivyo wanavyotaniana, "nitakwenda kukitafuta kisima chako."

"Nenda na ndoo," akajibu mzee. "Mtu haendi kisimani mikono mitupu kama mpelelezi."

Akaenda kweli. Aliufuata mtaro kwa juu, ukingoni, akauandika upya kuwa mtaro, mpaka alipofika kwenye ukuta. Hapo mtaro unapita chini ya ukuta kwenye tundu. Na nyuma ya ukuta ni kwa Bwana Komeo.

Bwana Komeo anauza milango mikuukuu. Nyumba ikibomolewa popote mjini, yeye hufika na mkokoteni, akanunua milango, madirisha na fremu. Tunamwita hivyo kwa sababu kila jioni tunasikia makomeo ya lango lake la chuma yakigonga, moja baada ya jingine, kama mtu anayefunga benki. Mama Mkaa husema, "Mtu ana milango yote ile, na hajui kufungua hata mmoja."

Binti yangu alibisha. Kwenye lango pana kidirisha kidogo. Kikafunguka, likaonekana jicho.

"Shikamoo baba. Sisi ni wa ramani. Tunaomba tuone tu ndani kuna nini, tuandike. Maji, njia, choo."

"Nani kawatuma?"

"Tumejituma wenyewe."

"Hakuna mtu anayejituma mwenyewe kwenye jua hili." Jicho likamtazama juu mpaka chini. "Sikia, binti. Zamani nilikuwa na nyumba, upande mwingine wa mji. Wakaja vijana kama nyinyi, wapole, wana adabu. Wakapima. Wakapaka alama nyekundu ukutani. Kilichofuata ni tingatinga. Mlango wa kwanza niliouuza maishani ulikuwa wa nyumba yangu mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nenda salama."

Kidirisha kikafungwa. Binti yangu alirudi tena siku nyingine, na nyingine. Hakumgombeza wala hakumsema vibaya kwa watu. Anabisha, anasalimia, anaomba, anakataliwa, anaaga. Nikamwambia, "We mtoto, huoni haya?" Akasema, "Ningeona haya kama ningeruka ukuta."

Siku ya kubandika ramani kliniki ikakaribia. Kiongozi wao ni kijana anayesomea upimaji, mtu mwema lakini mwenye haraka. Alikuja nyumbani kwetu, nikawa namimina chai huku nasikiliza.

"Tupajaze tu pale kwa Bwana Komeo," akasema. "Kwenye picha ni uwanja na vibanda vya mabati. Tuandike ghala, kazi iishe. Ramani yenye pengo ni aibu."

"Sijaingia," binti yangu akasema.

"Dada, kila mtu anajua pale ni ghala."

"Na kila mtu kule mbali alijua kwamba mtaro ni barabara."

Kijana akanywa chai. Ramani ikabandikwa na pengo lake. Ilikuwa kubwa, ya rangi, inapendeza, na katikati pale peupe, kama mtu mzuri aliyecheka kumbe hana jino la mbele. Watu hawakukosa la kusema. "Bi Ramani, hapo ulilala?" Mama Mkaa akawa anasema bintiye jirani amechora mtaa akaishiwa wino. Mimi nikaumia, ndipo nikamwambia:

"Mwanangu, si uandike hata neno moja tu? Wanatucheka."

Alikuwa anafunga vifaa vyake vya saluni, hakuinua uso. "Mama, pakiwa peupe, mtu akitazama anajua kwamba hatujui. Nikipajaza, atadhani tunajua. Afadhali wanicheke."

Sikumwelewa sana. Nilielewa mambo mengine ya ile ramani, yale yaliyonifikia mlangoni. Muuguzi alikuja siku moja kumtazama mtoto wa mpangaji wa chumba cha mwisho, akapita vichochoro vyote bila kuuliza mtu, akabisha mlango ule ule unaohusika. Mama Mkaa alipigwa na butwaa: "Mgeni kapita mbele yangu hajaniuliza njia! Sasa mimi kazi yangu nini?" Na ule mtaro. Ramani ilionyesha kwamba nyumba zote zinazofurika zipo mahali pamoja, juu kidogo ya mahali mtaro unapojipinda. Wakaenda na makoleo, tukaenda nao, tukakuta godoro zima limekwama humo, na juu yake takataka za miaka. Tukalitoa, tukasafisha mpaka ukutani kwa Bwana Komeo. Mvua zilizofuata sakafu yangu haikulowa. Nililala usingizi mvua ikinyesha, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu niolewe.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiri usiku ule wa kumsubiri mzee. Mama Mkaa alikuwa amekuja na mkeka wake kunisindikiza. Simu ikilia, wote wawili tunaruka.

"Bado, mama," binti yangu anasema, na nyuma yake nasikia wenzake wakiita, "Babuuu!"

"Bado si mbaya," Mama Mkaa ananiambia. "Bado ni neno zuri. Usiogope bado, shoga yangu."

"Na akiwa ameanguka mahali?"

"Mzee yule? Aliyechimba visima akatoka mzima? Amekaa kwa mtu anakula. Kesho atakuja kusema chakula chako hakina chumvi."

Nikacheka, halafu nikalia kidogo.

Kulipoanza kupambazuka binti yangu alirudi. Buti zimejaa tope, sauti imekauka. Hakukaa. Alinipa simu niitazame, na wenzake wakasimama nyuma yake. Vichochoro vyote vilikuwa vya kijani. Sokoni kijani, kliniki kijani, kule kituoni kijani, mpaka nyuma ya shule. Mtaa mzima umepakwa kama shamba la mpunga. Na katikati, pale peupe.

"Tumefika kote," akasema. "Kasoro hapa."

Kiongozi wao, yule kijana wa upimaji, akasema taratibu, "Kama tungepajaza, saa hizi tungekuwa tunamtafuta mtaa wa pili."

Nikasema, "Lakini angeingiaje? Lango lile hata panya hubisha." Na kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure nikiwa na hofu, nikaenda nyuma ya mlango kuchukua ndoo, binti anawe uso. Mkono ukakamata hewa. Ndoo kubwa ipo. Ile ndogo ya bluu haipo.

Nikasimama pale, mkono bado nimeunyoosha.

"Ametoka na ndoo," nikasema.

Binti yangu akanitazama. "Ndoo?"

"Ndogo. Ya bluu. Mtu haendi kisimani mikono mitupu."

Hakungoja nimalize. Alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, sisi sote nyuma yake, mimi na kanga moja na Mama Mkaa akiburuta ndara zake. Safari hii hakupita ukingoni. Aliingia ndani ya mtaro wenyewe. Ulikuwa hauna maji, safi, mpana, mtu mzima anatembea bila kuinama. Njia iliyokosa watu, na sisi wenyewe ndio tuliomsafishia. Usiku walitembea juu yake kwenye vichochoro. Hakuna aliyefikiri kumtafuta mtu ndani ya mtaro. Kwenye tope jembamba chini palikuwa na nyayo, za mtu anayeburuta mguu mmoja. Mimi naufua udongo wa mguu ule kwenye mashuka kila wiki. Niliujua.

Nyayo zikafika ukutani. Kwenye tundu palikuwa na ndara moja imelala chali.

Binti yangu akapiga magoti akamulika ndani. Fremu na milango mikuukuu ilikuwa imeporomoka kwa ndani, imeziba tundu kama karata zilizomwagika. Akaita, "Babu!" Akaita tena. Hakuna sauti iliyorudi ila yake mwenyewe.

"Imemwangukia," nikasema. "Imemwangukia, au yumo kisimani."

"Mama." Alinishika mabega. "Twende langoni."

Tulipofika watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, maana habari haina miguu lakini hukimbia. Binti yangu alibisha kama anavyobisha siku zote. Kidirisha kikafunguka.

"Mmekuja kupima alfajiri?" Bwana Komeo akasema. "Siku hizi hamsubiri hata jua?"

"Shikamoo baba. Hatukuja kupima. Babu yangu amepotea tangu jana, na nyayo zake zimeingia kwako kwa chini, kwenye mtaro."

"Humu hakuna mtu. Mimi nafunga."

"Fungua na sisi tuone!" mtu akapiga kelele nyuma. "Vunja hilo!" mwingine akadakia. Mama Mkaa akageuka akawakemea: "Nyamazeni nyie! Mnavunja lango kwani mna cha kulilipia?"

Binti yangu akachukua simu yake akaipitisha kwenye kidirisha. "Shika. Ramani yote imo humo. Kaa nayo wewe. Siingii na kitu chochote, siandiki kitu chochote. Namtaka babu yangu tu."

Mkono ukatoka, ukasita, ukaipokea ile simu. Lango halikufunguka.

Hapo nikaona hofu yangu imenichosha. Nilimsogeza binti yangu pembeni, nikaweka uso wangu kwenye kidirisha, jicho kwa jicho na Bwana Komeo. Lilikuwa jicho jekundu, la mtu ambaye naye hakulala.

"Kaka," nikasema, "mimi sijui ramani. Mimi ni mkwe wa yule mzee. Ni mchimba visima. Anasema humo ndani kuna kisima chake, na ametoka na ndoo kwenda kuteka maji. Nakuuliza jambo moja tu. Kisima kipo, hakipo?"

Jicho halikupepesa.

"Nani kawaambia kuna kisima?"

"Aliyekichimba."

Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, "Kipo. Nimekifunika." Halafu: "Nimekifunika na mlango. Mlango wa mbao, wa zamani."

Nadhani sote tuliuona ule mlango kwa pamoja, mbao zilizooza, na mtu anakanyaga juu yake gizani. Kidirisha kikabaki wazi, hakuna jicho. Tukasikia miguu ikikimbia ndani, mbao zikisukumwa, fremu zikianguka. Kisha hatukusikia kitu. Mama Mkaa, ambaye sijawahi kumwona bila neno, alinishika kidole kimoja tu, akakiminya. Binti yangu alisimama wima amelielekea lango, mikono imeshuka, kama anavyosimama akisubiri rangi ikauke kichwani mwa mteja.

Kisha tukasikia komeo la chini likivutwa. La katikati. La juu. Na jingine ambalo hatukuwahi kulijua.

Lango likafunguka.

Bwana Komeo alikuwa ameshika ndoo ya bluu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine amemshika baba mkwe wangu kwapani. Mzee alikuwa na ndara moja, vumbi la mbao limejaa kwenye ndevu, shati limechanika, lakini amesimama kwa miguu yake.

"Nimemkuta amekaa chini pembeni ya kisima," Bwana Komeo akasema, hakutazama mtu. "Anabisha ule mlango. Nilisikia mtu anagonga tangu usiku. Nikadhani wezi. Nikaongeza komeo."

"Nimepiga hodi usiku kucha," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosewa adabu. "Usiku kucha! Ningeufunua mwenyewe, lakini mtu haingii kwa watu bila kufunguliwa. Na nani aliyeweka mlango kisimani?"

Nilimshika mkono, vidole vile visivyonyooka. Mjukuu wake akamfuta vumbi la ndevu kwa ncha ya kanga yangu.

"Mchumba," akamwambia, "nimekiona kisima chako kwa sauti tu. Bado sijakiona kwa macho."

Bwana Komeo akatoa simu mfukoni. Aliigeuzageuza kidogo mkononi kabla ya kumrudishia.

"Maji yake ni matamu," akamwambia. "Ingia uone, halafu uandike. Uandike kwamba ni kisima, si ghala."

Binti yangu akapita. Na kwa kuwa lile lango lina mazoea ya kurudi lenyewe, Bwana Komeo akasukuma jiwe kwa mguu, akalizuia lisijifunge.